Kwato za Gaju

Kasenga, Uvira, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwako Mjomba Evariste,

Mama amesimama nyuma ya bega langu na amekataa niandike neno lolote kabla ya salamu zake. Basi dada yako Mukarusanga anakusalimu, ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limezeeka kumpita yeye. Kaka yangu Dieudonné amenunua moto, pikipiki yake ya kwanza, na kila akiiwasha mama anafumba macho anaomba. Samaki wa ndagala ni haba sokoni, na ziwa limepanda mpaka kwenye milango ya watu wa chini, ila sisi bado tuko pakavu. Wewe je? Binti yako Vanessa na watoto wake hawajambo? Ninaandika kwa sababu nikikupigia simu unajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Juzi nilikuuliza kama umekufa, ukasema ndiyo.

Sasa jambo lenyewe. Ile klabu ya farasi ya Bujumbura, ulikotengeneza kwato maisha yako yote na mimi nikawa nakuja likizo kukushikia tupa, imefungwa kabisa. Farasi wake wanne wa mwisho wamenunuliwa na ushirika wa wakulima wa Bwegera, wabebe mpunga kule mashambani ambako lori linazama na moto inaanguka. Niliwaona kwa macho yangu wakivuka mpaka wa Kavimvira. Wamotari, waendesha pikipiki wa pale, walizima injini zao wote. Afisa wa forodha aliuliza kama awaandike kwa mifugo au kwa magari.

Miongoni mwao yumo yule jike mwekundu uliyemshika tangu akiwa mtoto. Mwenyekiti wa ushirika ni Mzee Gatete, mfugaji aliyeshuka kutoka milima ya juu, na amempa jina la Gaju, kama ng'ombe wake mwekundu.

Ushirika na kanisa wanataka waganga wa mifugo na wahunzi wa bonde wafundishwe kutunza kwato, kwa maana hapa hakuna anayejua. Wameniomba mimi kwa sababu nina diploma ya mifugo na kwa sababu ni mpwa wako. Wanachama wengi hawakuwataka hawa farasi. Wamempa Gatete mpaka mvua za mwezi wa tisa: farasi wakibeba mpunga, wanabaki na mafunzo yanaendelea. Wasipobeba, watauzwa kwa nyama na darasa litafungwa. Mjomba, mwalimu wa kazi hii ni wewe. Panda boti ya Mama Pudentienne uje.

Mpwa wako,
Uwacu


Kalemie, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Mpwa wangu mwenye mdomo,

Barua yako imefika ikinuka ndagala, maana Mama Pudentienne aliisahau chini ya mizigo yake akaenda nayo mpaka Moba na kurudi. Nimeisoma hivyo hivyo huku nikiziba pua. Mwambie dada yangu kwamba goti lake lisijivune, mimi ndiye mkubwa na nilianza kuumwa magoti kabla yake. Vanessa yuko salama, wanawe wanasoma, jogoo wa jirani bado anatuamsha. Mimi ninakula na ninalala. Hiyo inakutosha.

Kuja siwezi. Nina shughuli, na usiniulize shughuli gani.

Fundisha wewe. Juma la kwanza mtu asishike kisu. Wasafishe kwato, wanuse, washike kwa mkono mtupu mpaka wajue ipi ni ya moto na ipi ni ya baridi. Ile nyama laini ya katikati, ambayo pale klabuni tuliiita fourchette, isikatwe kwa kutafuta uzuri, farasi anaikanyagia. Wahunzi watataka kupiga chuma kila mguu. Waambie farasi wa bonde, anayetembea kwenye udongo, anahitaji tupa na subira. Waganga watataka kudunga sindano na kwenda zao. Hao uwashike shati. Mganga na mhunzi wainame kwenye mguu mmoja, wakati mmoja, ama sivyo unapoteza muda wako.

Na wasimwangushe kwa kamba kama ng'ombe. Ninawajua wafugaji wetu. Farasi ukimwangusha leo, mwaka kesho bado anakukumbuka. Simama begani pake, teremsha mkono polepole, ngoja. Atakupa mguu mwenyewe. Huyo mwekundu ana kiburi kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, umwombe mara mbili.

Ninakutumia mfuko wangu wa kazi: visu, tupa kubwa na koleo. Nina vingine. Mwandiko huu ni wa Vanessa, kwa sababu anapenda watu wauone ulivyo mzuri.

Mjomba wako,
Evariste Harerimana


Bwegera, tarehe 21 mwezi wa nne 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Tunakusalimu kutoka kwenye tope. Mama yuko sawa, amepata dawa ya kuchua goti na nyumba nzima inanuka kitunguu saumu. Dieudonné ameanguka na moto, hakuumia, lakini mama sasa anaomba macho yakiwa wazi. Mfuko wako umefika. Nimeufungua mara moja nikaufunga tena.

Darasa limeanza. Wanafunzi ni waganga wa mifugo kutoka hapa na Uvira, na wahunzi wa Kasenga na wa bondeni. Wawili ndio wanaonichosha. Daktari Modeste ni mganga hodari, anakuja na koti jeupe lililopigwa pasi, na alisema mbele ya wote: "Minye niko daktari ya nyama muzima, kichwa mupaka mukia. Muguu ni kazi ya fundi." Hyacinthe, mhunzi wa Kasenga anayetengeneza majembe na milango ya chuma, akamjibu: "Na minye niko fundi ya chuma. Kama nyama iko mugonjwa, ni kazi ya daktari." Kwa hiyo mguu ukabaki hewani bila mwenyewe. Nikawabadilishia kazi. Hyacinthe nilimpa kifaa cha kusikilizia moyo, Modeste nikampa tupa. Wamekasirika wote wawili siku nzima. Kesho yake walikuja mapema kuliko wengine.

Na ndiyo, walimwangusha mmoja kwa kamba nilipokwenda kunywa chai. Sitaki kuizungumza.

Ila kuna jambo linaloninyima usingizi. Gaju hawezi kutembea. Wale watatu wanabeba magunia vizuri, ila yeye anasimama akiwa amejitupa nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha, na ukimvuta anatetemeka. Kwato za mbele zina moto. Modeste amedunga dawa ya vidonda. Hyacinthe amepunguza kidogo kwa tupa. Nimechunguza chini mara kwa mara, hakuna msumari, hakuna jiwe, hakuna usaha. Wanachama wanasema ni mkosi, wakimwona Gaju wanawahesabu na wale wengine kuwa wabovu, na wamesema tusingoje mwezi wa tisa, amalizwe na darasa life naye.

Mzee Gatete analia bila kujificha. Hakuna farasi aliyewahi kupendwa hivi, Mjomba. Kila asubuhi anampelekea ndoo ya pumba za mpunga kutoka mashine, na majani mabichi ya ukingo wa mfereji, anamlisha kwa mkono wake huku akimwimbia sifa za ng'ombe. Shingo imejaa, mgongo umekuwa mpana, anang'aa. Watu wanapita barabarani wanasimama kumtazama. Mnyama mzuri hivyo, na hawezi kupiga hatua. Niambie ninachokosea. Naogopa.

Uwacu


Kalemie, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Uwacu,

Salamu kwa wote, nyingine baadaye, boti inaondoka.

Pumba ndiyo inayomuua. Ondoa leo. Ondoa na majani ya mfereji. Ng'ombe ana matumbo manne, kila chakula kinapata pa kupikiwa. Farasi analo moja. Ukimjaza vitu vitamu vile, damu yake inachafuka na uchungu unashukia kwenye kwato, nyama ya ndani inaachana na ukuta wa ukwato. Ndiyo sababu hukuona kidonda. Wewe mtoto wa wafugaji uliona mnyama mnene ukafurahi, kama baba yako angefurahi, kama mimi nilivyofurahi mwaka wangu wa kwanza. Pale klabuni ghala la chakula lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikaa kwa mtu mmoja, hata nikasahau kwamba kufuli lile lilikuwa nusu ya kazi yetu.

Nyasi kavu tu, zilowekwe maji. Alale kwenye mchanga mwingi, laini. Miguu ya mbele ikae kwenye maji baridi ya mfereji wakati bado ina moto. Modeste atafute dawa ya maumivu na kuvimba, kipimo anakijua yeye kuliko sisi. Hyacinthe apunguze ncha ya mbele kidogo kidogo kila baada ya majuma machache, chini asiguse. Na apungue. Aonekane mbavu.

Jinsi ya kumwambia Gatete sijui. Mfugaji kumwambia amnyime mnyama chakula ni kumwambia avue nguo sokoni. Hapo mimi sikufikii, uko peke yako.

Mjomba


Bwegera, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Mjomba,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwenu. Ziwa limerudi nyuma kidogo, mama ameanza kwenda ibadani kwa miguu, na Dieudonné amepata mchumba, Gikundiro, binti mpole ambaye amekataa kupanda moto yake. Hapo mama alimpenda papo hapo.

Nilichelewa kuandika kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na kitu mkononi.

Siku barua yako ilipofika nilikwenda kwa Gatete nikamwambia vilevile ulivyoniambia. Akasema: "Weye mutoto, uko nataka ninyime Gaju chakula? Bantu batasema Gatete ameshakuwa masikini. Batasema ameshindwa kulisha nyama moja." Nikamweleza matumbo manne na tumbo moja. Akanipa mgongo. Jioni nilimwona na ndoo yake, anakwenda zizini kama kawaida, safari hii ameijaza zaidi. Nilirudi nyumbani nikalia, Mjomba, nakwambia ukweli.

Asubuhi nililipeleka darasa lote zizini na nikamwomba mzee atufundishe yeye. Alishangaa lakini akakubali, nani anakataa kuombwa. Nikamuuliza: "Mzee, kule juu milimani, mvua ya kwanza ikinyesha na majani machanga yakitoka, asubuhi munafanya nini na ng'ombe?"

"Tunazifungia," akasema. "Mpaka umande ukauke. Zikikula yale majani mapya na umande, matumbo inavimba, zinakufa."

"Na zinapofungiwa hazilii?"

"Zinalia sana. Zinalia mpaka unasikia huruma."

"Na jirani akizisikia, anasema wewe ni masikini?"

Akacheka. "Jirani gani? Jirani naye amefungia zake. Mutu asiyefungia ndiye mujinga."

Nikamwambia: "Mzee, kwa Gaju kila siku ni mvua ya kwanza."

Alimtazama Gaju aliyejitupa nyuma kwenye miguu yake, akaitazama ndoo. Akaiinua, akaenda kuimwaga kwa kuku, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Nionyesheni hiyo mchanga mutaiweka wapi."

Tangu siku ile Gatete ndiye kufuli. Watoto wakija na majani anawafukuza kwa fimbo. Mke wake alileta maganda ya ndizi, naye akafukuzwa. Wanachama walipokuja kusema amalizwe, mzee alisimama mlangoni pa zizi akawakumbusha kwamba walimpa mpaka mwezi wa tisa, na neno la wazee halirudishwi katikati ya njia. Wakaondoka wakinung'unika.

Modeste alisema maradhi haya aliyasoma chuoni kwa mistari michache na hakutegemea kukutana nayo Bwegera. Amefanya hesabu ya dawa mara tatu, na kila siku anainama kushika mapigo ya damu pale juu ya ukwato. Hyacinthe ndiye aliyemwonyesha mahali penyewe, tangu ile siku nilipompa kifaa cha moyo. Sasa mmoja anashika mguu, mwingine anasukuma tupa, wanagombana muda wote, na hakuna anayeweza kuwatenganisha. Koti jeupe sijaliona tena.

Gaju bado anachechemea. Lakini juzi alilala, akaamka peke yake, akatembea mpaka kwenye maji bila kuvutwa. Mbavu zinaonekana. Watu wanapita barabarani wanasikitika, Gatete anawaambia wapite.

Sasa swali langu. Fundi haachi visu vyake, Mjomba. Ulisema una vingine, lakini mimi niliviona vyote ulivyo navyo tangu nikiwa mdogo, na vyote vimo humu mfukoni. Na Vanessa hapendi kuandika. Hajawahi kupenda.

Uwacu


Kalemie, tarehe 30 mwezi wa saba 2024

Mpwa wangu,

Salamu kwa dada yangu, na pongezi kwa Dieudonné, amwoe upesi huyo binti kabla hajabadili mawazo.

Barua yako nimemsomesha Vanessa mara nyingi. Ile ya mvua ya kwanza, nilimwambia arudie tena. Mimi nisingeifikia. Ningegombana na Gatete mpaka farasi afe.

Umeuliza. Mikono yangu inatetemeka tangu mwaka jana. Ilianza kidogo, nikadhani ni malaria, sasa kijiko hakifiki mdomoni kikiwa na mchuzi. Daktari wa hapa ana jina la ugonjwa huu, mimi sina haja nalo. Ndiyo maana sikuja. Ningekwenda kufanya nini mbele ya wahunzi na madaktari, mimi niliyeshika kwato mvua na jua, wanione nikidondosha kisu? Na wale farasi wananijua. Iliniuma kuliko yote kufikiri kwamba Gaju atausikia mkono wangu auogope.

Basi umejua. Usinionee huruma, andika habari za kazi.

Mjomba


Bwegera, tarehe 22 mwezi wa tisa 2024

Mjomba Evariste Harerimana, fundi mkuu,

Mama anasema uketi chini kabla ya kusoma. Mimi ninasema usimame.

Mvua imeanza juma lililopita na barabara ya mashambani imekatika. Lori la mnunuzi lilizama mpaka milangoni. Mpunga wa mwisho ulikuwa bado ng'ambo ya mfereji, unalowa, na wanachama walikuwa wamekuja wote, waliowataka farasi na wasiowataka. Wale watatu walianza kubeba. Halafu Gatete akaenda zizini akamtoa Gaju.

Watu walipisha njia. Modeste aliinama akashika mapigo, akanitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Hyacinthe alipitisha kiganja kwenye kila ukwato, akasema, "Iko baridi, yote." Tukampakia gunia dogo tu, maana sikutaka ujinga wa pili. Akaingia kwenye tope, akatoka ng'ambo ya pili, akarudi. Hakuchechemea. Aliporudi mara ya pili wanawake walianza kupiga vigelegele, na yule mwanachama aliyekuwa akisema mkosi alikwenda akamfuta tope miguuni kwa shati lake mwenyewe.

Gatete alimwimbia. Wafugaji wa juu wana sifa za ng'ombe peke yake, hakuna aliyewahi kusifia farasi, kwa hiyo alizitunga palepale: Gaju asiyezama, Gaju aliyefunga ili mpunga uvuke. Modeste alilia. Hyacinthe akamcheka, kisha naye akalia.

Ushirika umeamua. Farasi wanabaki, wote wanne. Darasa linaendelea, na watu wa milima ya juu wameomba lipande kwao kabla ya Krismasi. Nimekubali. Lakini wakati huohuo kuna wanafunzi wapya wanaokuja hapa Bwegera, na siwezi kuwa mahali pawili.

Mikono tunayo, Mjomba, mikono mingi iliyofundishwa. Kilichokosekana ni mtu anayemwona farasi kutoka mbali na kujua ni mguu gani kabla hajaguswa. Hilo bado sijaliweza, na Modeste hajaliweza. Nimeshazungumza na Vanessa kwa simu, yeye anasikia vizuri. Mama Pudentienne atakushusha bandarini Kalundu na Dieudonné atakupokea, kwa gari, nimemkataza moto. Usiniambie una shughuli.

Uwacu


Bwegera, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2024

Kwako Uwacu huko juu milimani,

Nasikia kwenu kuna baridi ya kukata masikio. Vaa sweta la mama yako, ndilo lililonileta kwenye barua hii, maana amekuja Bwegera kunitazama na amesimama nyuma yangu kama unavyomjua. Harusi ya Dieudonné ni mwezi wa pili. Hapa anayeandika ni Modeste, kwa mwandiko wa daktari, kwa hiyo usiposoma neno ujue ni kosa lake.

Siku niliyofika sikwenda zizini. Nilikaa kwa Gatete, nikanywa maziwa, nikaulizia hali ya hewa. Asubuhi yake mzee alikuja akanishika bega akanipeleka bila kuniuliza. Nilisimama mbali. Nilimwambia Hyacinthe kwamba yule farasi mweusi amechoka begani, si mguuni, na alipomgusa ilikuwa kweli. Hilo lilinipa nguvu. Nikamwendea Gaju. Mkono ulitetemeka kutoka begani mpaka chini, sikuweza kuuzuia. Alinigeukia akaninusa, akanipa mguu wa nyuma wa kushoto, ule wa kiburi, kabla sijaomba. Nililia mbele ya wahunzi wote. Sikuona aibu, na nilidhani ningeiona.

Jana wakaja wanafunzi wapya, mganga mmoja wa Luvungi na mfugaji Manzi kutoka juu kwenu. Manzi amesikia habari za Gaju, akaja na zawadi, gunia la pumba, kama mtu anavyokwenda kutembelea ng'ombe wa heshima. Nilifungua mdomo ili nianze somo.

Gatete akanitangulia. Alilipokea gunia kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akamwita mke wake alipeleke kwa kuku. Manzi alikasirika. Gatete akamshika mkono, akamwinamisha, akamwekea kiganja kwenye ukwato.

"Iko namna gani?"

"Iko baridi."

"Basi. Kwetu huku mutu akiwa tajiri, farasi yake iko hivyo."

Kisha akaanza kumweleza habari ya tumbo moja, na mvua ya kwanza, na mchanga, na ncha ya mbele isiyozidishwa, na hakukosea neno. Modeste anasema tuandike kwamba alikosea moja, la kipimo cha dawa. Sawa. Nilitafuta la kuongeza, nikakosa. Nilikaa juu ya majani ya mpunga nikacheka peke yangu, mpaka Hyacinthe akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ni mwalimu tu aliyekosa kazi.

Mjomba wako,
Evariste